Thomas Dekker: Mtunzi Aliyeipandisha Jukwaani Lugha ya Wezi

Utangulizi

Tamthilia ya Kiingereza ya mwisho wa karne ya 16 na mwanzo wa karne ya 17 hutajwa mara nyingi kwa jina moja tu, la William Shakespeare, kana kwamba jiji zima la London lilikuwa na kalamu moja. Ukweli ni kwamba kumbi za maonyesho za jiji hilo zililishwa na watunzi wengi waliofanya kazi kwa haraka, kwa ushirikiano na kwa malipo madogo. Mmoja wao alikuwa Thomas Dekker, aliyezaliwa London yapata mwaka 1572 na kuzikwa jijini humo mwezi wa Agosti 1632.

Makala haya yanasimulia maisha ya Dekker kwa kuzingatia jambo moja, nalo ni uhusiano wake na lugha ya siri ya wezi, wazururaji na ombaomba wa Uingereza. Lugha hiyo aliitoa vitabuni, akaiuza kwa wasomaji, akaipandisha jukwaani, kisha akaishia kufungwa katika jengo ambalo lugha hiyohiyo ilikuwa na jina lake. Maisha yake yanaibua swali ambalo mwanafasihi hawezi kulikwepa: mwandishi anayejipatia riziki kwa lugha ya watu waliodharauliwa ana deni gani kwao?

Mzaliwa wa London

Dekker aliipenda London kama mtoto ampendavyo mamaye, na katika maandishi yake aliusawiri mji huo kwa taswira hiyo hasa. Jina la ukoo wake lina asili ya Kiholanzi, na Kiholanzi husikika mara kwa mara katika tamthilia zake, aghalabu kikiboronganywa kwa nia ya kuchekesha. London ya enzi hizo ilikuwa imejaa wageni kutoka Uholanzi na Flanders waliokimbia vita na mateso ya kidini. Kijana aliyekulia humo hakuhitaji kusafiri ili ajue kwamba lugha ni kitambulisho, na kwamba kitambulisho huweza kughushiwa.

Jina lake linaanza kuonekana katika daftari la hesabu la Philip Henslowe mwezi wa Januari 1598. Henslowe alikuwa mmiliki wa ukumbi wa Rose na mkopeshaji wa makundi ya waigizaji. Daftari lake ndilo hazina kubwa ya habari kuhusu biashara ya tamthilia wakati huo. Kati ya mwaka 1598 na 1602 Dekker alishiriki katika utunzi wa tamthilia zipatazo 40, nyingi akiwa pamoja na wenzake kama Henry Chettle, Michael Drayton na Robert Wilson. Nyingi kati ya hizo zimepotea.

Daftari hilohilo linafichua kidonda kilichomsumbua maisha yake yote. Tarehe 4 Februari 1598 Henslowe alitoa shilingi 40 ili Dekker atolewe katika jela ya wadaiwa iliyokuwa mtaa wa Poultry. Tarehe 30 Januari 1599 alitoa tena pauni 3 na shilingi 10 kumwokoa Dekker, safari hii akiwa amekamatwa kwa madai ya kundi la waigizaji la Lord Chamberlain, ambalo Shakespeare alikuwa mwanachama wake. Mwezi wa Julai mwaka huohuo, Henslowe alitoa pauni 3 kununua tamthilia ya The Shoemaker's Holiday, yaani sikukuu ya fundi viatu, ambayo hadi leo ndiyo kazi ya Dekker inayojulikana zaidi. Kwa hesabu ya daftari, basi, tamthilia yake bora ilikuwa na bei ndogo kuliko fedha zilizomtoa kizuizini miezi michache tu kabla yake.

Tamthilia hiyo iliigizwa mbele ya Malkia Elizabeth wa Kwanza tarehe 1 Januari 1600. Ndani yake kijana wa ukoo bora aitwaye Lacy anajibadilisha kuwa fundi viatu wa Kiholanzi ili asipelekwe vitani na awe karibu na mpenzi wake. Nguo pekee hazimtoshi. Inambidi avae na lugha, aongee Kiholanzi cha kuungaunga, na mafundi wa karakana wanampokea kwa sababu ya matamshi yake. Dhana hii ya lugha kama vazi la kujifichia ndiyo iliyokomaa baadaye Dekker alipoigeukia lugha ya wezi.

Mwaka 1601 Dekker aliingia katika malumbano na Ben Jonson. Katika tamthilia ya Poetaster, Jonson alimchora Dekker kama mtunzi duni ambaye kazi yake ni kuzishona na kuzitia viraka tamthilia za wengine. Dekker alijibu kwa Satiromastix, tamthilia ya tashtiti iliyomgeuzia Jonson kibao. Umma ulicheka, lakini tuhuma ya kutumia vitambaa vya wenzake ilibaki, na miaka tisa baadaye ilirudi kwa sura nyingine.

Lugha ya Wezi na Kitabu cha Harman

Ili kuelewa alichokifanya Dekker, yafaa kurudi nyuma kidogo. Katika karne ya 16 idadi ya watu wasio na ardhi wala kazi iliongezeka nchini Uingereza. Mashamba yalizungushiwa ua, nyumba za watawa zilizokuwa zikiwasaidia maskini zilifungwa, bei za vyakula zikapanda, na askari waliotoka vitani wakaachwa bila riziki. Serikali ilijibu kwa viboko. Sheria ya mwaka 1572, wakati uleule Dekker anaokisiwa kuzaliwa, iliamuru mzururaji achapwe na sikio lake la kulia lichomwe kwa chuma cha moto. Aliyepatikana na kosa hilo mara ya tatu angeweza kunyongwa. Sheria hiyohiyo iliwaweka waigizaji wasio na mlezi wa tabaka la makabaila katika orodha moja na wazururaji. Ndiyo sababu makundi ya waigizaji yalijiita watumishi wa bwana fulani: jina la bwana lilikuwa kinga dhidi ya mjeledi. Kati ya jukwaa na barabara ya ombaomba palikuwa na karatasi moja tu yenye muhuri.

Miaka michache kabla ya sheria hiyo, mwungwana mmoja wa Kent aitwaye Thomas Harman alikuwa ameandika kitabu cha kuwatahadharisha wananchi kuhusu wazururaji. Toleo la zamani zaidi lililosalia ni la mwaka 1567. Harman aliwahoji wazururaji waliobisha hodi nyumbani kwake, akiwalainisha kwa maneno matamu, chakula na fedha. Aliwaahidi kwamba hatatoa majina yao wala siri zao. Kisha akayachapa yote, pamoja na orodha ndefu ya majina, na akaongeza msamiati mfupi wa lugha yao. Kwa maoni yake lugha hiyo ilikuwa na umri wa miaka 30 hivi.

Msamiati huo unavutia kwa mtu yeyote anayejishughulisha na isimu. Msingi wake wa kisarufi ni Kiingereza cha kawaida, lakini majina ya vitu muhimu yamebadilishwa kwa utaratibu maalumu. Kiambishi tamati mans kilitumika kuundia majina ya nyakati na mahali: usiku uliitwa darkmans, mchana lightmans, na vichaka ruffmans. Neno cheat lilikuwa na maana ya kitu, nalo likatumika karibu kama kiambishi cha ngeli ya KI-VI kinavyotumika katika Kiswahili kuunda majina ya vifaa. Kuku alikuwa cackling cheat, yaani kitu kinachotetea. Nguruwe alikuwa grunting cheat, kitu kinachokoroma. Pua ilikuwa smelling cheat, kitu cha kunusia. Kivumishi rome kilimaanisha chema au bora, na queer kikamaanisha kibaya. Kwa hiyo London iliitwa Romeville, mji bora, na malkia akaitwa rome mort, mwanamke bora. Nyumba iliitwa ken. Nyumba ya pombe ilikuwa bousing ken. Nayo nyumba mbaya, queer ken, ilikuwa gereza.

Ni msamiati wa watu ambao kila siku waliwaza mambo machache: chakula, pombe, mahali pa kulala, nguo, mjeledi na kitanzi.

Mpiga Kengele wa London

Malkia Elizabeth alifariki mwezi wa Machi 1603, na mwaka huohuo tauni iliua watu takriban 30,000 jijini London. Kumbi za maonyesho zilifungwa ili kuzuia maambukizi, na watunzi waliotegemea mlango wa ukumbi wakakosa riziki. Dekker aligeukia vijitabu vya nathari. The Wonderful Year, kijitabu chake kuhusu mwaka huo wa msiba, kilidhihirisha kwamba alikuwa na jicho kali la kuuona mtaa na moyo wa kumhurumia mkazi wake.

Tauni iliendelea kurudi na kumbi zikaendelea kufungwa mara kwa mara. Mwaka 1608 Dekker alitoa The Bellman of London, kitabu kinachomchukua msomaji hadi kwenye karamu ya siri ya ombaomba, kisha kumkabidhi kwa mpiga kengele wa usiku anayezunguka mitaani na kufichua hila za wezi. Kitabu kilinunuliwa kwa wingi na kuchapwa tena na tena mwaka huohuo. Kabla mwaka kwisha akatoa cha pili, Lantern and Candlelight, yaani taa na mwanga wa mshumaa. Sura ya kwanza ya kitabu hicho inahusu lugha ya wezi. Dekker anaanzia kwenye Mnara wa Babeli na mtawanyiko wa lugha za wanadamu, anashuka hadi kwenye lugha ya wazururaji, analinasibisha jina lake la Kiingereza na kitenzi cha Kilatini kinachomaanisha kuimba, anaonyesha kwamba baadhi ya maneno yake, kama lile la mkate na lile la jibini, yana mizizi ya Kilatini, kisha anatoa mifano na kamusi ndogo. Aliyesoma sura hiyo aliona kwamba hata jamii ya waliofukuzwa kila mahali ilikuwa na historia ya lugha, sawa na taifa lolote.

Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya maarifa hayo haikutoka vichochoroni. Ilitoka kwa Harman. Mwaka 1610 mwandishi aliyetia sahihi ya herufi S.R. alichapisha kitabu kiitwacho Martin Mark-all, akamshutumu mwandishi wa The Bellman of London kwa kuyatwaa maneno ya Harman yaliyokuwa na umri wa zaidi ya miaka 40 na kuyauza kama mapya.

Ushahidi wake mmoja ulikuwa wa kiisimu, na ulikuwa mzito. Kamusi ya Harman iliyanakili majina ya mti wa kunyongea kwa neno chates peke yake, na Dekker akalirudia kama alivyolikuta limechapwa. S.R. alieleza kwamba neno sahihi ni cheats, nalo lina maana ya vitu tu, vitu vyovyote vile. Anayetaka kutaja mti wa kunyongea hana budi kuongeza neno treyning, yaani kunyonga, ili ipatikane maana ya kitu cha kunyongea. Kosa la Dekker lilikuwa sawa na la mgeni anayesikia wenyeji wakitaja kitu cha kufagilia, kisha akaandika katika daftari lake kwamba ufagio kwa Kiswahili huitwa kitu. Aliyeishi na lugha hawezi kukosea hivyo. Aliyeinakili kitabuni huweza.

Dekker alijibu mwaka 1612 kwa toleo lililopanuliwa la kitabu chake, lililoitwa O per se O, lenye habari mpya kuhusu maisha ya wazururaji. Hata hivyo, kati ya shutuma na jibu hilo lilitokea jambo lililoipa lugha ya wezi masikio mengi kuliko kitabu chochote.

Jukwaa la Fortune, 1611

Mwaka 1600 Henslowe na mwigizaji mashuhuri Edward Alleyn walijenga ukumbi mpya wa Fortune nje ya kuta za kaskazini za jiji. Wateja wake wengi walikuwa mafundi, wachuuzi, wanagenzi na wake wa wafanyabiashara waliolipa peni moja kusimama uani. Hapo ndipo ilipoigizwa tamthilia ya The Roaring Girl, aliyoitunga Dekker pamoja na Thomas Middleton na iliyochapwa mwaka 1611. Jina lake linawakumbusha vijana wa wakati huo waliozunguka mitaani wakizua fujo. Hapa mzua fujo ni mwanamke.

Mwanamke huyo hakuwa wa kubuni. Mary Frith, binti wa fundi viatu aliyejulikana mitaani kwa jina la Moll Cutpurse, yaani Moll mkata vifuko, alikuwa hai na maarufu. Enzi hizo watu walivining'iniza vifuko vya fedha kwenye mikanda, na mwizi stadi alivikata kwa kisu. Mary alikuwa amekwisha kushtakiwa kwa wizi wa namna hiyo mwaka 1600. Alivaa nguo za kiume, alivuta tumbaku, na alitembea na upanga.

Katika tamthilia, kijana Sebastian anazuiwa na babake, Sir Alexander, kumwoa msichana ampendaye kwa sababu ya mahari ndogo. Anamtisha mzee kwa kujifanya anataka kumwoa Moll. Mzee anamwajiri jasusi aitwaye Trapdoor ili amtege Moll, na vitu vya thamani vinaachwa wazi ili aviibe. Haibi. Dekker na Middleton wanamgeuza mwanamke ambaye jiji zima lilimwita mwizi kuwa mhusika mwaminifu kuliko waungwana wanaomhukumu.

Onyesho la kwanza la sehemu ya tano, ambalo wahakiki wengi hulihusisha na kalamu ya Dekker, ndilo kiini cha habari hii. Moll anatembea na mabwana kadhaa, akiwemo Lord Noland na kijana Jack Dapper. Wanatokea watu wawili waliojifanya maaskari walemavu wakiomba msaada: mmoja ni Trapdoor, mwingine Tearcat, anayejificha nyuma ya Kiholanzi bandia. Moll anawavua vinyago vyao kwa lugha. Anawasemesha kwa maneno ya wezi, wanajibu, na mbele ya hadhira linazuka shindano la msamiati: darkmans, ruffmans, bousing ken, Romeville. Mabwana hawaelewi kitu, na kila mara Moll analazimika kuwatafsiria. Baadhi ya maneno ya aibu anasita kuyatafsiri, Trapdoor analiweka mahali pake neno la upuuzi lisilo na maana, na hadhira inabaki kucheka na kukisia. Kisha anaimba na Tearcat wimbo kwa lugha hiyo.

Mwitikio wa mabwana unafaa kuzingatiwa. Jack Dapper analalamika kwamba lugha hiyo inakwaruza masikio kuliko magurudumu ya mikokoteni na mikoromo ya kundi la nguruwe. Baada ya dharau hiyo wanachangishana na kuwapa ombaomba wawili shilingi 2 na peni 6, kiasi ambacho Moll anakitangaza kwa lugha ya wezi kisha kwa Kiingereza. Lugha imedharauliwa na kununuliwa kwa pamoja. Anayelipa hataki kuijua; anataka kuburudishwa nayo, kisha mwenyewe aende zake.

Mara wanapita wakata vifuko wa kweli, na Moll anamwamuru mmoja wao arudishe kifuko alichopoteza rafiki yake katika ukumbi wa Swan. Lord Noland anashangaa amezijuaje siri hizo. Moll anajitetea kwa hoja ambayo Dekker angeweza kuitumia kujitetea mwenyewe: mtu aliyesafiri hadi Venice na kuzijua hila za huko, kisha akarudi kuwaonya wenzake, hastahili kuitwa mwenye hila. Kujua si kutenda. Hii ndiyo hoja ya kila mwandishi wa uhalifu, na kwa sehemu ni ya kweli. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata, na kata katika onyesho hilo ni Moll.

Yaliyotokea nje ya tamthilia yanaonyesha tofauti ya mwenye lugha na mwenye kuiuza. Mwaka huohuo wa 1611 Mary Frith mwenyewe alipanda jukwaani Fortune, amevaa nguo za kiume, buti na upanga. Akaketi mbele ya watazamaji, akapiga ala ya nyuzi na kuimba. Siku ya Krismasi alikamatwa katika kanisa la St Paul. Tarehe 27 Januari 1612 alisimama mbele ya mahakama ya askofu wa London, na miongoni mwa makosa aliyokiri lilikuwamo hilo la kupanda jukwaani. Mwezi wa Februari alifanyishwa toba hadharani kwenye mimbari ya nje ya St Paul, akilia machozi ambayo watazamaji wengine waliyahusisha na pombe. Waigizaji wa kiume waliolicheza jina lake waliendelea na kazi yao. Watunzi nao hawakuitwa. Yeye peke yake ndiye aliyeadhibiwa kwa kuwa katika nafsi yake kile ambacho jukwaa lililipwa kukiiga.

Miaka Saba ya Nyumba Mbaya

Zamu ya Dekker ilikuwa karibu. Mwezi wa Oktoba 1612 alitunga maonyesho ya barabarani ya kumtawaza Meya mpya wa London. Si muda mrefu baadaye alitiwa katika gereza la King's Bench kwa sababu ya deni la pauni 40 alilodaiwa na fundi wa magari ya farasi, baba wa mtunzi John Webster ambaye Dekker alikuwa ameshirikiana naye kutunga tamthilia. Hakutoka hadi mwaka 1619.

Gereza la wadaiwa lilikuwa na ukatili wa aina yake. Mfungwa hakutumikia muda uliopangwa. Alibaki ndani hadi deni lilipwe, na akiwa ndani alitakiwa kulipia malazi na chakula. Aliyefungwa kwa kukosa fedha alizidi kuzikosa. Hapo ndipo Dekker alipoingia katika queer ken, neno alilokuwa amelinakili kutoka kwa Harman miaka minne kabla. Jela aliwahi kuionja mwaka 1598, lakini ilikuwa kwa muda mfupi. Safari hii hakukuwa na Henslowe wa kumkomboa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Mke wake, Mary, alizikwa mwezi wa Julai 1616 naye akiwa bado gerezani. Mwezi wa Septemba mwaka huo alimwandikia Edward Alleyn barua ya shukrani kwa msaada wake. Alleyn, mwigizaji aliyetajirika na kujenga Fortune pamoja na Henslowe, sasa alikuwa mfadhili wa chuo huko Dulwich, na ni katika hifadhi ya chuo hicho ndimo lilimonusurika daftari la Henslowe.

Mwaka huohuo wa 1616 kitabu chake cha lugha ya wezi kilitoka tena kwa jina la Villanies Discovered, kikiwa na sura mpya kuhusu maisha ya gerezani. Hizi hazikutoka kwa Harman. Ndani yake mwandishi hasimami tena kando na taa yake akimmulika mhalifu. Yumo ndani ya giza, anaandika habari za watu anaokula na kulala nao. Kitabu kilichoanza kwa kumtahadharisha mnunuzi dhidi ya wezi kikaanza pia kumweleza maumivu ya waliofungwa. Mwaka 1620, baada ya kutoka, Dekker alichapisha shairi refu la ndoto, Dekker His Dream, na humo alieleza kwamba nywele zake ziligeuka mvi katika miaka hiyo saba.

Alirudi kazini akiwa mzee. Alitunga The Virgin Martyr pamoja na Philip Massinger, na mwaka 1621 akashirikiana na John Ford na William Rowley katika The Witch of Edmonton, tamthilia inayomhusu mwanamke maskini aliyenyongwa kwa uchawi mwaka huo. Humo mwanamke huyo anageuka mchawi baada ya majirani kumwita mchawi kwa muda mrefu. Anayezijua sura za Dekker kuhusu gereza hashangai kuona huruma hiyo.

Thomas Dekker alizikwa Clerkenwell tarehe 25 Agosti 1632. Siku chache baadaye mjane wake, Elizabeth, alikataa kusimamia mirathi, hatua iliyochukuliwa kwa kawaida pale ambapo marehemu ameacha madeni kuliko mali. Mwaka huohuo kitabu chake kuhusu wezi kilitoka katika toleo jingine, kwa jina la English Villanies. Mauzo yake hayakumfaa tena.

Hitimisho

Athari ya Dekker ilienea baada yake. Lugha ya wezi ilisikika katika tamthilia ya Beggars' Bush ya John Fletcher, na tena mwaka 1641 katika A Jovial Crew ya Richard Brome, mwaka mmoja kabla ya kumbi zote kufungwa kwa amri ya Bunge. Baadaye iliingia katika riwaya na kamusi za misimu, mara nyingi ikinakiliwa kitabu hadi kitabu. Baadhi ya maneno yake, kama booze kwa maana ya pombe na duds kwa maana ya nguo, yangali hai katika Kiingereza cha mazungumzo.

Mafunzo mawili yanajitokeza. La kwanza ni la kitaaluma: lugha ya waliotengwa ikishaandikwa na watu wasioizungumza, kosa la mnakili mmoja huweza kuishi kwa karne nzima likiitwa ushahidi. Anayechunguza misimu na lugha za siri hana budi kuuliza kila neno lilisikika kwa nani, na kwa ahadi gani. La pili ni la kiutu. Harman aliwaahidi watu usiri akawasaliti, Dekker akanunua bidhaa iliyopatikana kwa usaliti huo, mabwana wa jukwaani wakailipia shilingi 2 na peni 6, naye Mary Frith akalipa kwa aibu ya hadharani. Kati ya hao wote, ni Dekker peke yake aliyerudi kitabuni kuongeza alichokiona kwa macho yake mwenyewe. Sura zile za gerezani hazikulifuta deni lake kwa wale aliowatumia. Lakini ndizo malipo pekee ambayo mwandishi asiye na fedha angeweza kuyatoa.